Ndani ya Jalada la Nyuma

Ukitaka kumjua mkutubi, mpe kitu kilichochanika. Mtu mwengine atakitupa, au atakaa akishone. Mkutubi atakitafutia kwanza pa kukiweka, na akishapata pa kukiweka moyo wake umetulia, ingawa kitu chenyewe kimechanika vile vile.

Mardhiya alikuwa mkutubi, na juu ya hayo mhariri wa jarida la wakutubi wenzake, na asubuhi ile ya Alkhamisi alikuwa amekaa mkekani kwa Mzee Borafya, Bwejuu, akishindwa kuificha furaha yake. Jarida lao linaitwa Shubaka. Lilikuwa linatimiza miaka thelathini, na Jumamosi chama chao kilikuwa na sherehe mjini. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika historia yake katika toleo la sherehe, na kazi ilikwenda vizuri mpaka alipotaka picha za majalada ya zamani. Alizitoa rafuni juzuu za miaka ya mwanzo, zimejalidiwa kwa kitambaa chekundu, namba za dhahabu mgongoni, akazifungua moja moja. Majalada hamna. Akapiga simu kila maktaba, Unguja na Pemba, jibu likawa lile lile: matoleo yalipokusanywa kufanywa juzuu, majalada yalikatwa yote. Hebu fikiria. Watu ambao ukikunja ncha ya ukurasa wanakutazama kama umempiga mtoto wao, juzuu za kwao wenyewe wamezitia kisu.

Ndipo alipoambiwa kuna mzee Bwejuu, mmoja wa walioanzisha jarida, ambaye alikuwa akijiwekea nakala yake mwenyewe toka toleo la kwanza. Kaacha kazi zamani. Kwa nini kaacha, hakuna wa rika la Mardhiya aliyejua. Walisema tu karudi kwao shamba.

Na kweli alikuwa nazo. Binti yake, Saadiya, mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyopasuka kwa maji ya chumvi na kamba za mwani, alizitoa chumbani kwenye sanduku, akazipanga mkekani kwa mpango wa miaka bila ya kuambiwa. Majalada yote mazima. La kwanza lilichorwa kwa mkono: shubaka ukutani, ndani yake vitabu vitatu. Mardhiya aliligusa kwa ncha ya kidole.

"Chukua zote," alisema Mzee Borafya. "Piga picha unazotaka. Lakini nna sharti, mwanangu."

"Sema, mzee."

"Sharti lenyewe unalijua. Nyote mnalijua."

Mardhiya hakujua lolote. Mzee alichukua toleo lililokuwa mwisho wa safu, akalifungua ndani ya jalada la nyuma, akalisukuma kwake. Hakulitazama mwenyewe. Kulikuwa na kisanduku cheusi, na ndani yake:

*Wakutubi wote wanaarifiwa kwamba Borafya Makame si mwanachama tena, kufuatia kupotea kwa Msahafu wa wakfu ulioandikwa kwa mkono, uliokuwa chini ya ufunguo wake. Asiruhusiwe kuingia katika maktaba yoyote. Ulfat, Katibu.*

Mardhiya alisoma, akarudia, akasimama kwenye jina la mwisho. Ulfat ni Bi Ulfat, mwenyekiti wa chama hivi leo, aliyemfundisha kazi, na makala kuu ya toleo la sherehe ni ya kumsifu yeye.

"Sikuugusa ule Msahafu," alisema Mzee Borafya. "Ulfat alinambia niache ufunguo mezani nende zangu, nikauacha. Nikasema watautafuta, watauona, wataniita. Baada ya siku chache likaja hilo, kamtuma mtu aniletee. Basi. Tangu siku hiyo sijatia mguu maktaba. Hata ya skuli ya hapa kijijini sijaingia. Ntaingiaje, na mwalimu kashasoma?"

Mardhiya alijiuliza. Mwalimu gani aliyesoma? Jalada hili halikuwepo skuli ya Bwejuu, wala mjini, wala Wete kule Pemba. Halikuwepo popote ila hapa mkekani. Alitaka kumwambia, akaacha, kwa sababu alikuwa akimtazama Saadiya.

Saadiya alikuwa akifuta vumbi kwenye jalada ambalo halikuwa na vumbi.

"Huyu," mzee alisema, na sauti ikapungua, "alichaguliwa kwenda bara, chuo cha ukutubi. Barua ya kukubaliwa imefika, nauli tayari. Nikamkataza. Nikamwambia, mwanangu, ukiingia mlangoni tu watasema huyo, mtoto wa mwizi wa Msahafu. Bora mwani. Mwani haukuulizi jina la baba yako."

"Hukunikataza, baba," alisema Saadiya taratibu. "Tulikubaliana. Ungenitazama natukanwa?"

"Basi sharti langu ndilo hilo. Mahala pale pale, ndani ya jalada la nyuma, waandike kuwa sikuiba. Nshakuwa mtu mzima, sitaki kufa na jina hili. Nitakuja mjini leo baada ya alasiri kuiona karatasi kwa macho yangu kabla haijachapwa. Ndani sitaingia. Nileteeni pale barazani."

Kuna ahadi mtu huzitoa kwa akili na kuna ahadi humtoka tu. "Ntaiweka, mzee," alisema Mardhiya. Hakujua kama Msahafu uliibwa au haukuibwa, na tayari keshaahidi.

Alilipanda vespa lake na sanduku limefungwa nyuma. Njia nzima mpaka mjini alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Bi Ulfat, na kila alilolipanga lilibomoka kabla hajafika Tunguu. Akaona bora apite kwanza Mkunazini kwa Bwana Yusufali, mchapaji. Bwana Yusufali, Mungu ampe umri, ndiye aliyekuwa akiwajalidia vitabu toka enzi hizo, na sasa ana mtambo wa kuchapa pia. Toleo la sherehe lilikuwa kwake. Alitaka kulimaliza kabla ya sala ya Ijumaa, na alikuwa amekwisha kuudhika.

"Umechelewa, Bi Mardhiya. Nangoja majalada tu."

"Nimeyaleta. Na ukurasa wa ndani, wa nyuma, unabadilika."

"Mnabadilisha leo? Mnanitafuta nini nyinyi watu?"

Mardhiya alilifungua lile toleo, akamwekea mezani. Bwana Yusufali, mzee wa Kihindi, aliinama, akasoma, akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akasoma tena.

"Huyu bado yu hai?"

"Nnatoka kwake sasa hivi."

"Lakini Msahafu si ulirudi?"

Mtambo ulikuwa ukinguruma ukutani. Mardhiya alidhani hakusikia vizuri. "Ulirudi wapi?"

"Nilimrudishia Bi Ulfat kwa mikono yangu hii. Waliniletea kasha la majarida kujalidi, kalifunga Bi Ulfat mwenyewe. Nafungua, nakuta chini Msahafu umefungwa kitambaa. Nikatia udhu, nikautoa, nikampelekea habari. Alikuja mbio, akakaa hapo ulipokaa wewe, akalia mpaka nikamwita mke wangu. Mimi nikafikiri analia kwa furaha." Alirudisha miwani machoni. "Siku ya pili akaja tena. Akasema, Bwana Yusufali, majalada yote kata. Na nakala za maktaba nyengine nitakuletea, kata na hizo. Nikafikiri wanataka kupunguza unene."

Ndiyo hivyo basi. Mardhiya alisimama pale dukani, hasira ikimpanda. Alimpenda Bi Ulfat. Ukimpenda mtu hasira yake haina breki.

Chumba cha kusomea cha chama kiko Kiponda, nyumba ya zamani, ghorofa ya kwanza, na chini yake kuna baraza ya mawe. Bi Ulfat alikuwa mezani kwake, buibui limekunjwa vizuri begani, anasoma hotuba ya Jumamosi kwa sauti ya chini. Mardhiya hakumwamkia. Aliliweka jarida juu ya hotuba, limefunguliwa.

Bi Ulfat alilitazama. Uso haukubadilika, ila mkono wake ulisogea, ukalifunika lile tangazo, kama mtu anayeziba kikombe nzi asiingie.

"Nani kakutuma Bwejuu?"

"Nlitafuta majalada. Uliyoyakata."

"Funga mlango, Mardhiya."

Mardhiya aliufunga.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe," alisema Bi Ulfat. "Msahafu wa wakfu umepotea, ufunguo anao mtu mmoja. Mwenyekiti wa siku zile, marehemu, alinambia andika, nikaandika. Likatoka. Halafu Yusufali akaniita. Kumbe mie mwenyewe, kwa mikono yangu, siku ulipotolewa kufutwa vumbi, nimeutia kashani na majarida. Ungefanya nini?"

"Ningemwendea."

"Ungemwendea! Hiyo unaisema leo." Alishusha sauti. "Mwenyekiti alikataa. Alisema tukisahihisha, watu wataacha kutupa vitabu vyao vya wakfu. Basi nikafanya nilichokiweza. Mafurushi ya toleo lile yalikuwa yamepelekwa lakini hayajafunguliwa, kamba zake bado. Niliyafuata moja moja, Mardhiya, Pemba nilikwenda na mimba ya miezi saba. Nikayarudisha yote. Nikayakata majalada ya toleo lile, na ili lisionekane moja tu limekatwa, nikayakata ya matoleo yote. Mie ambaye jalada la kwanza nililichora mwenyewe. Sikumbakishia mtu hata mmoja wa kusoma. Nimemfutia."

"Ulimfutia rafuni. Nakala yake yeye umemwachia."

Bi Ulfat aliuondoa mkono juu ya tangazo.

"Anadhani tumesoma sote," alisema Mardhiya. "Anadhani mwalimu wa skuli kasoma. Na baada ya alasiri anakuja hapa chini kuiona karatasi ya kumsafisha, na mie nshamwahidi."

"Umemwahidi kwa ruhusa ya nani? Jumamosi watu wanakuja kutoka kila pahala. Yaliyopita si ndwele. Hakuna anayejua, na wewe unataka tulitangaze ili walijue? Huko si kumsafisha, ni kumtia tope upya." Alisema kwa ukali, lakini macho yalikuwa yanakwenda dirishani. "Na mie je? Ndio niondoke kazini hivyo?"

Hapo Mardhiya aliona woga ulio chini ya maneno, na hasira ikampunguka, jambo ambalo lilimuudhi zaidi. Ni kweli, hatari ilikuwepo. Kumsafisha mtu jina ambalo hakuna aliyejua limechafuka, hiyo nayo ni kazi. Alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Bi Ulfat, mimi ni mhariri. Bwana Yusufali hachapi bila ya saini yangu, na bila ya ukurasa ule sisaini. Jumamosi mtasherehekea bila ya jarida. Nnaomba usinifikishe huko, wewe ndiye uliyenifundisha kazi."

Chini mtu alikuwa akiuza mihogo, anaita, anakwenda, sauti inapotea uchochoroni. Adhana ya alasiri ikaingia. Bi Ulfat alijibu adhana kimoyomoyo, midomo ikicheza, na alipomaliza alichukua kalamu.

Karatasi iliandikwa mara kadhaa. Mara ya kwanza aliandika "ilitokea hitilafu", Mardhiya akaikata. Mara ya pili aliandika "chama kinasikitika", Mardhiya akaikata. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe kalamu ilisimama, na Mardhiya akageuza uso ili asimtazame. Kisha akasikia kalamu inakwenda. Karatasi ikapelekwa Mkunazini mbio, ikarudi imechapwa prufu moja ya kukaguliwa, wino bado unanuka. Mwisho ilisomeka hivi:

*Katika jarida hili liliwahi kutolewa tangazo kwamba Borafya Makame alipoteza Msahafu wa wakfu. Si kweli. Msahafu niliutia mimi, kwa kosa langu, katika kasha la majarida, na ulipopatikana sikumwambia. Namwomba radhi yeye na watu wake. Milango ya maktaba zetu ni yake. Ulfat, Mwenyekiti.*

"Wapo chini," alisema Mardhiya, aliyekuwa dirishani.

Mzee Borafya alikuwa amesimama barazani, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mgongo ameuegemeza ukutani. Saadiya kando yake. Wanafunzi wawili walitoka na vitabu vyao, wakasema shikamoo, na mzee akasogea nyuma kuwapisha, akasogea tena zaidi ya ilivyohitajika, mpaka akawa nusu yuko juani. Hawakumjua. Yeye alitazama chini mpaka wakapita. Mardhiya aliona yote hayo kutoka juu.

"Msomee tu," alimwambia Bi Ulfat kwenye ngazi. "Hayo yaliyomo, basi. Usiongeze neno. Tafadhali."

"Nimesikia."

Walishuka. Wazee wale wawili walitazamana. Mwisho Bi Ulfat alisema, "Borafya," na yeye akajibu, "Naam," kama kwamba kaitwa kutoka rafu ya upande wa pili.

Akamsomea. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea hotuba, bila ya kukata, mpaka kwenye "sikumwambia", hapo sauti ikaporomoka, akasimama, akaanza tena sentensi nzima tokea mwanzo. Mzee Borafya alisikiliza na kichwa kimeinama. Ilipokwisha aliinyoosha mikono yote miwili, akapokea karatasi, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimekusamehe, Ulfat. Nimekusamehe duniani na akhera. Saadiya, mwanangu, umeona? Kaandika. Jina langu lote kaliandika."

"Nimeona, baba," alisema Saadiya, naye analia, amemshika mkono.

Na ingeishia hapo. Wallahi ingeishia hapo, wangekwenda zao Bwejuu wameshikana mikono, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini mtu aliyesamehewa kwa wepesi hutaka kulipa kitu. Mardhiya alimwona Bi Ulfat anavuta pumzi, akamgusa mkono, akachelewa.

"Na nikwambie kitu ufurahi zaidi," alisema Bi Ulfat. "Tangazo lile halikusomwa. Nililirudisha kabla mafurushi hayajafunguliwa, nikayakata majalada yote. Hakuna mkutubi aliyeliona, Borafya. Si hapa, si Pemba. Hujavunjiwa heshima mbele ya mtu. Miaka yote hii jina lako lilikuwa safi."

Mzee alitabasamu, kwa sababu lilisemwa kwa uso wa kutabasamisha. Kisha tabasamu likabaki pale midomoni bila ya mwenyewe.

"Hakuna aliyeliona?" Aliyeuliza ni Saadiya.

"Hata mmoja, mwanangu."

"Hata chuoni? Bara?"

"Bara ndiko kabisa halikufika."

Saadiya aliutoa mkono wake katika mkono wa baba yake. Hakuutoa kwa nguvu; aliutoa kama mtu anayetaka kujikuna. Akaitazama ile mikono, vidole vyake vilivyopasuka, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Basi mie ningekwenda," alisema.

"Saadiya," alisema baba yake.

"Ningefika, wangeniuliza jina, ningewaambia Saadiya Borafya, wangeandika. Basi. Wangenionyesha kitanda changu."

"Mwanangu, mie sikujua. Ningejuaje?"

"Ungeuliza, baba." Hakupandisha sauti, na Mardhiya angetoa chochote laiti angeipandisha. "Siku moja tu ungekuja ukauliza mlangoni. Mie nlikwambia twende tukaulize. Nlikwambia siku ile ile barua ilipofika, na ilipofika tarehe ya kuondoka nlikwambia tena. Ukasema sitaki kusimama mlangoni mwao. Nami nikasema haya, nisikuongezee aibu."

Mzee Borafya alimtazama Bi Ulfat, kana kwamba yeye angelijibu hilo. Bi Ulfat alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mzee akamtazama Mardhiya.

Saadiya alijifuta uso kwa kiganja. "Rafu za historia ziko wapi?" alimuuliza Mardhiya.

"Juu. Mkono wa kulia."

"Nataka kuziona tu."

Alivua ndara zake chini ya ngazi, akaziweka pembeni sambamba, akapanda. Walimsikia ubao wa ngazi ukilia kwa kila hatua, kisha wakamsikia anatembea juu, pole pole, anasimama, anatembea.

"Ingia na wewe, mzee," alisema Mardhiya. "Mlango wako huu. Imeandikwa."

Mzee Borafya alikuwa na karatasi mikononi. Alisogea mpaka kizingitini, akanyanyua mguu, akausikiliza mwendo wa binti yake kule juu. Kisha akaurudisha mguu, akakaa barazani.